Jino la Kwetu

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, na uniwie radhi kwa madoa haya pembeni mwa karatasi. Ni nta, si mafuta ya kula, usije ukadhani nakuandikia huku nimeshika kipande cha nyama. Mgongo wako unaendeleaje? Na lile goti la kulia, la kukanyagia cherehani, bado linakusumbua ukisimama? Mama naye hajambo? Ameshapata miwani nyingine baada ya ile aliyoikalia? Hata cherehani kubwa naijulia hali, maana nilipoondoka ilikuwa ikikohoa kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri. Shangazi anakusalimu sana na anasema ule mkasi wake uliouazima kabla mimi sijazaliwa bado anaukumbuka.

Utashangaa kupata barua na Jumapili tu tumezungumza kwenye simu. Tatizo, Baba, ni kwamba kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na kila mara unaimalizia kwa furaha. Barua huwezi kuikatiza. Kwa hiyo nakuomba ukae, tena kwenye kiti chenye egemeo, siyo kwenye ile stuli ya kupigia pasi, unisikilize mpaka mwisho. Nina jambo la kukuambia na nitafika huko, lakini nisipoanza mwanzo hutanielewa.

Nianze na maandalizi, kwa kuwa hayo hujayajua hata nusu. Uliponipandisha gari kuja huku ulimwambia kila aliyekuwa pale kituoni kwamba naenda kwa Shangazi kupata utulivu wa kusoma. Utulivu! Mume wa Shangazi, unamjua, alisimamia mitihani ya shule kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu alikuwa hajapata mtu wa kumsimamia. Mtaa mzima unamwita Msimamizi. Nilipoingia na begi langu macho yalimng'aa. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaisogeza meza ya chakula katikati ya sebule, amepima kwa futi umbali wake kutoka kila ukuta, na kwenye kona ya meza amebandika karatasi yenye namba. Nilikuwa mtahiniwa namba moja. Namba mbili hakuwepo, lakini kiti chake kiliwekwa, tena kwa umbali unaotakiwa.

Masharti aliyasoma akiwa amesimama. Alisema hakuna kuzungumza, hakuna kugeuka nyuma, hakuna kuazimana kifutio. Nikamuuliza nitaazimana na nani. Akafungua daftari akaandika kwamba mtahiniwa amezungumza. Kuanzia siku hiyo, saa mbili mpaka saa sita, alikuwa akiizunguka ile meza mikono mgongoni, viatu vikilia kwi kwi, na kila baada ya nusu saa alitangaza muda uliobaki kwa sauti ya kutosha ukumbi wa watu mia tatu. Shangazi akipita na sufuria alisimamishwa aeleze anatoka wapi na anaelekea wapi. Siku moja aliniuliza nimeweka wapi chumvi, nami nipo katikati ya swali la fizikia. Msimamizi alimwandikia ripoti ya ukurasa mzima na kumtaka aitie saini. Shangazi aliipokea kwa adabu, akaifungia pini zake.

Mtihani wenyewe, wa kuingia chuo cha udaktari wa meno, una sehemu tatu. Ya kwanza ni sayansi, na humo ndimo inamoishi kemia. Baba, mimi na kemia ni watu wa kusalimiana tu barabarani. Nilikariri, nikaimba, nikabandika karatasi ndani ya mlango wa choo, na bado nikitoka chooni sikumbuki lolote isipokuwa nilichoendea. Ya pili ni karatasi ya maumbo, na hiyo ndiyo inayowaliza wenzangu. Unaonyeshwa picha ya boksi lililofunguliwa, uambiwe likikunjwa litakuwa na sura gani. Au unaonyeshwa karatasi iliyokunjwa mara tatu na kutobolewa tundu moja, useme ikikunjuliwa itakuwa na matundu mangapi na yatakaa wapi. Mara ya kwanza nilidhani Msimamizi ananifanyia mzaha. Hiyo si ndiyo kola, Baba? Si ndiyo kiuno cha sketi ya marinda, kazi niliyoifanya kwako tangu miguu yangu haijafika chini? Nilimaliza maswali yote kabla ya robo saa, na yote nilipata. Msimamizi alisahihisha mara mbili, halafu akapiga magoti akachungulia chini ya meza kutafuta karatasi niliyoibia.

Sehemu ya tatu ni ya mikono. Chuo kinataka kuona kama vidole vyako vinaaminika, kwa hiyo unapewa kipande cha nta nyeupe, kisu kidogo na rula, na katika saa mbili unachonga jino, ukubwa mara tatu ya jino la kweli. Nta sikuwa nayo, hivyo nilijifunzia kwenye sabuni ya mche. Nyumba nzima ilijaa meno. Ukiingia bafuni unakoga kwa gego, Shangazi akifua anafulia jino la mbele, na mizizi iliyovunjika tulioshea vyombo. Jirani mmoja alikuja kuazima sabuni akapewa chonge nzuri kabisa, niliyoitolea jasho. Aliirudisha asubuhi bila kuilowesha, akasema haoni vizuri kulala na kitu kile ndani ya nyumba yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana mkasa wote umeanzia hapa. Picha za kitabuni ni bapa, hazionyeshi unene wala mzunguko, na mimi tangu lini nikashona kwa picha? Nilitaka kiwiliwili. Nikamkalisha Shangazi pale dirishani anaposhonea, nikamwomba afanye kazi huku ameachama. Maskini, alishona gauni zima la bibi harusi mdomo wazi, mpaka nzi wakaanza kuingia kukagua. Nilimpima kwa futi, nikachora, nikachonga, nikarudi kumtazama, nikachonga tena. Kwenye ukingo wa jino lake la mbele la juu, upande wa kulia, kuna kikato kidogo, kama kile tunachokata kwa ncha ya mkasi kwenye pindo la kitambaa ili vipande viwili vijue pa kukutania. Nilikichonga kwa uangalifu mkubwa. Nilipotazama kwenye kioo, na mimi ninacho. Nikakumbuka na wewe unacho, Mama anacho, Bibi marehemu alikuwa nacho kikubwa zaidi. Kitabu hakikukionyesha, lakini sikukishangaa kitabu. Picha ya gauni kwenye kitabu cha mitindo nayo haionyeshi pindo la ndani, na fundi yeyote anajua lipo. Nikajiambia aliyechora alikuwa mvivu.

Utaniuliza kama Msimamizi hakuona. Msimamizi ni kibogoyo wa mbele, juu kote ni ufizi mtupu, na mitihani aliyosimamia hakuwahi kusoma hata mmoja. Utaniuliza pia kama sijapata kuona meno ya watu wengine. Nimeyaona, Baba, watu wakicheka, lakini ni nani anamsogelea mtu anayecheka akamkagua ukingo?

Nafasi moja nilipata ya kuyaona kwa karibu, na hiyo nayo nina la kuungama. Shangazi aliniombea nikae siku moja na daktari wa meno wa mtaa wa pili, nione kazi inavyofanywa. Wewe uliponipigia jioni nilikuambia kwamba ilikuwa siku ambayo sitaisahau, nawe ukafurahi. Ni kweli sitaisahau. Mgonjwa wa kwanza alikuwa muuza nyama, mtu wa shingo nene, mikono yake ungedhani mapaja, na alikuwa akitetemesha kiti kizima. Nilisimama pembeni nimevaa glavu, nimejikaza. Daktari akamwambia aachame. Akaachama. Daktari akainua sindano, hata hajamgusa, na kitu kilichofuata ninachokikumbuka ni yule muuza nyama ameniinamia, ananipepea kwa kitambaa alichofungwa kifuani, akimsihi daktari anihudumie mimi kwanza. Daktari alisema ameshaona wagonjwa wakizimia, ameona na waume za wagonjwa wakizimia, ila mwanafunzi ndiye alikuwa hajamwona bado. Meno ya muuza nyama sikuyaona. Ningeyaona, pengine leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Najua imani yako ilianzia wapi. Ilianzia siku ile nilipomng'oa Dada jino la utoto kwa kulifunga uzi kwenye gurudumu la cherehani na kukanyaga mara moja. Nilikuwa na miaka saba. Ulininyanyua juu mbele ya wateja, ukasema huyu ni daktari wa meno, na tangu siku hiyo hujaniita kwa jina jingine. Sijawahi kukuambia kwamba nilikanyaga nikiwa nimefumba macho.

Basi, siku ya mtihani ikafika. Msimamizi alinisindikiza mpaka getini kwa miguu, amevaa suti, akakagua walinzi wa pale wanavyokagua, akawasahihisha. Tulikuwa watahiniwa sitini. Kemia ilinipiga kama nilivyotarajia, ikaniacha nahema. Maumbo niliyamaliza nikabaki natazama dari. Baada ya chakula cha mchana tukaingizwa kwenye karakana yenye meza ndefu, kila mtu na kisu chake na nta yake, na swali limeandikwa ubaoni. Chonga jino la mbele la juu, upande wa kulia. Baba, nusura nipige kigelegele. Ndilo jino lenyewe! Jino ambalo nimelichonga mpaka naweza kulichonga gizani. Jirani zangu walikuwa bado wanapima na mimi nta inashuka kama maganda ya kiazi. Nilikamilisha mzizi, nikazungusha mgongo wa jino, nikalilainisha kwa kitambaa, na mwisho kabisa, kwa ncha ya kisu, nikakitia kile kikato. Kilikaa barabara.

Aliyekuwa akisimamia ukumbi ni mama mmoja mrefu, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, aproni yake imejaa plasta. Ni mkuu wa karakana ya meno bandia ya chuo kile, na wote wanamwita Mama Karakana. Alikuwa akipita kimyakimya, alipofika kwangu akasimama. Alisimama sana. Akalichukua jino langu, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza, akarudi nalo, akaniuliza kwa sauti ya chini hiki kikato ni cha nini. Nikamjibu kwa ujasiri wote kwamba ni kikato cha jino. Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia hakuna haja ya kujifunza mahali, kwa kuwa kila jino la mbele linacho. Alinitazama, akavaa miwani, akaniambia niachame.

Nikaachama, katikati ya mtihani, watu sitini wananitazama. Alichungulia kwa muda, kisha akauliza kama kwetu tunashona. Nikajiuliza huyu ni mwalimu au mpiga ramli. Nikasema ndiyo, Baba ni fundi, Mama ni fundi, Shangazi ninayekaa kwake ni fundi, Bibi alikuwa fundi. Akauliza kama wote tunakata uzi kwa meno. Baba, nilimjibu kwa swali, kwamba kwani watu wengine wanaukata kwa nini?

Yule mama aliketi kwenye stuli ya mtu mwingine akacheka mpaka machozi yakamshuka. Alijaribu kunyamaza kwa kujifunika aproni, ikawa vibaya zaidi. Mtahiniwa wa nyuma yangu alishtuka akavunja mzizi wa jino lake, na mpaka leo tukikutana hanisalimii. Muda ulipokwisha, Mama Karakana alinishika mkono tukatoka nje, akanieleza. Kumbe mtu akikata uzi kwa meno miaka nenda rudi, uzi unakula ukingo wa jino kidogo kidogo mpaka unaweka kikato. Wanaoshona wanacho, na washona viatu wanaobana misumari kwa meno wana chao. Ni alama ya kazi, kama sugu ya mkononi. Hatuzaliwi nayo. Watu wa nyumba nyingine, Baba, ukingo wao umenyooka.

Sikuamini. Nilisimama pale getini nikaanza kukagua. Nilimchekea muuza magazeti ili anichekee, akanichekea, umenyooka. Mama aliyekuja kumchukua mwanawe, umenyooka. Askari wa getini, umenyooka, akaniuliza kama nina shida. Hebu acha barua kidogo, nenda na Mama kwenye kioo cha kujaribia nguo, mcheke, mtazame, halafu mrudi. Na wewe ndiye uliyekuwa ukitufokea tusikate uzi kwa meno, ukituuliza mkasi upo wa nini, huku uzi wenyewe unakuning'inia mdomoni!

Mmerudi? Sasa egemea, Baba.

Mama Karakana aliniambia kwamba wakati nasubiri majibu, nikitaka, niende karakana nione meno yanavyotengenezwa. Alisema kwa miaka yote aliyosimamia watu wanamchongea jino la kitabu, na hajawahi kuona mtahiniwa aliyemtazama binadamu vile. Nikaenda kesho yake. Ile karakana, Baba, ungeipenda. Ina madirisha makubwa, kuna meza ndefu iliyochakaa kwenye ukingo kama yako, na kila fundi ana zana zake ambazo haruhusu mtu kuzigusa. Kinywa cha mtu kinaletwa kama kipimo, umbo la plasta lenye namba, na wewe unashona kulingana na kipimo hicho. Hakuna damu wala anayetetemeka. Kuna rangi nyeupe kumi na sita, na unatakiwa uchague ile inayofanana na meno yaliyobaki, kama unavyochagua uzi unaofanana na kitambaa. Siku ya tatu nilipewa nta. Siku ya sita nikapewa aproni.

Hili la aproni hujalijua. Na hili linalofuata ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu juzi Mama alimwambia Shangazi kwenye simu kwamba umeshashona koti jeupe, umelitarizi neno Daktari kwenye mfuko, umelitundika dukani pale mbele na wateja wanaliulizia. Shangazi alikata simu akaja akaketi kitandani kwangu. Alinipa mpaka leo niandike, la sivyo anasema mwenyewe.

Baba, majibu ya mtihani yalitoka wiki tano zilizopita.

Nilipokuambia yamechelewa, nilikudanganya. Nilipokuambia mashine yao ya kuchapia imeharibika, nilikudanganya, na wewe ukasema kama ni mashine tu uje uitazame, na nilipoweka simu chini nililia kwa sababu najua ungekuja kweli na bisibisi zako. Nilifeli. Alama zilizotakiwa ni mia na themanini, mimi nimepata mia na sabini na sita. Kemia imenichana, ila maumbo yaliniinua, na jino walilisifu pande zote mpaka walipofika ukingoni. Wasahihishaji hawakuwepo ukumbini, wao wana karatasi yao inayosema ukingo uwe umenyooka, na kwa kile kikato walinikata alama sita. Piga hesabu mwenyewe. Nimeangushwa na uzi.

Nililia siku mbili, sitakuficha. Nilikuona uso wako kila nilipofumba macho. Msimamizi, ambaye nilidhani atanisimanga, aliondoa namba kwenye meza ya chakula, akairudisha meza ukutani. Siku ya tatu Mama Karakana akanipa fomu. Alisema ninaweza kukata rufaa ndani ya wiki nne, na yeye mwenyewe ataandika na kutia saini kwamba lile ni jino la kweli, la mtu mwenye kazi, na hakuna kosa hata moja kwenye uchongaji wake. Alisema alama zile nitarudishiwa, hana shaka. Na kwa hizo sita, ningepita.

Niliijaza fomu yote siku hiyo hiyo, kasoro saini. Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa iliyopita, saa kumi. Ijumaa hiyo nilikuwa na jino moja mezani, la mtangazaji wa redio aliyevunjika jino la mbele akawa kila akisoma habari anapiga mluzi. Daktari alimwekea nilichotengeneza, mimi nikiwa nyuma ya pazia nasikiliza maana unajua siwezi kutazama. Mluzi. Likarudi, nikapunguza, likawekwa tena. Mluzi. Mara ya tatu alitamka maneno ya kipindi chake, "salamu za saa sita usiku", sentensi nzima iliyojaa sauti ya s, safi, bila upepo, akairudia, akairudia tena, halafu nikasikia kwamba analia.

Ningeweza kukuambia kwamba kazi ilinikolea nikasahau saa. Sikusahau, Baba. Niliitazama saa tisa, nikaitazama saa tisa na nusu, nikaitazama ilipobaki dakika kumi. Ofisi yenyewe ipo ng'ambo ya ua, hata dakika mbili hazifiki. Saa kumi ilipogonga nilikuwa nimekaa, mikono juu ya meza, na moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Jumatatu Mama Karakana aliniandikisha kwenye kozi ya ufundi wa meno bandia, miaka miwili, na nimeshaanza.

Kwa uongo wa wiki tano nakuomba radhi, nakushika miguu. Kwa kazi niliyochagua siwezi kuomba radhi, kwa kuwa nitakuwa nakudanganya tena. Ukasirike, una haki. Ukinyamaza mwezi mzima nitaelewa, ingawa nitaumia.

Najua hukutaka mwanao ainame maisha yake yote kama ulivyoinama. Siku ile uliponipeleka shule mpya, fomu ilipouliza kazi ya mzazi, ulifikiri kidogo ukaandika mfanyabiashara. Nilikuwa na miaka tisa, na niliona aibu, lakini siyo aibu uliyodhani. Niliona aibu kwamba hukuandika fundi. Mtaa mzima ulikuwa ukikuita hivyo, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamebeba nguo za harusi na za msiba, na wewe unaitika bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa nikiamini hakuna cheo kinachokizidi hicho. Juzi yule mtangazaji alichungulia mlangoni mwa karakana akauliza fundi wake yuko wapi. Wenzangu wakaninyooshea vidole. Nikaitika, Baba, na nilipokuja kushtuka nikajikuta sijainua kichwa.

Nisalimie Mama, mwambie asilie kabla hajakusikiliza mpaka mwisho. Nisalimie Dada na watoto wake, na wote wanaopita dukani kuniulizia. Waambie ukweli, au uniachie niwaambie mwenyewe nikija likizo. Shangazi na Msimamizi wanakusalimu. Huyu wa pili ameisoma barua hii akasema imezidi kurasa zinazoruhusiwa. Utunze mgongo wako.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Fundi